Picha Mmetoa, Sasa Mmeniuzia Nini?

Nimeletewa kitabu wiki hii nikaishia kufoka peke yangu sebuleni. Ni Kapteni Hatteras, riwaya ya yule Mfaransa Jules Verne, ile tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya miaka ya 1870, imechapwa upya na hawa jamaa wanaochapa kitabu pale tu unapokilipia. Jalada linang'aa, mbele wameweka meli ambayo sidhani hata kama ni ya karne hiyo. Nafungua ndani, kila baada ya kurasa mbili tatu nakuta mabano ya mraba, na ndani ya mabano neno moja tu la kunijulisha kwamba hapa palikuwa na picha. Palikuwa! Yaani wamekwapua maandishi kutoka intaneti, picha wakaziacha hukohuko, halafu hata ule ustaarabu wa kufuta alama hawakuwa nao. Umealikwa pilau, unaletewa sahani ina wali na kikaratasi kimeandikwa "nyama".

Na nyuma ya jalada wameandika ni toleo kamili. Kamili bana.

Sasa, mimi Hatteras ndiye Verne ninayempenda kuliko wote, namweka juu ya Nemo, kapteni wa riwaya yake nyingine, na nyambizi yake, na najua hapo kuna watu watanitukana, watukane tu. Mnakumbuka inavyoanza. Brigi, meli ya milingoti miwili, inajengwa Liverpool, inaitwa Forward, nahodha hajulikani ni nani, maagizo yanakuja kwa barua zimesainiwa K.Z. na hela ya mshahara mnono, ndani ya meli kuna mbwa anazungukazunguka sitahani na mabaharia wameanza kusema labda huyuhuyu mbwa ndiye kapteni. Wanang'oa nanga Aprili 1860. Mpaka waje kugundua kwamba yule baharia mwenzao Garry ndiye kapteni Hatteras mwenyewe, mtu mwenye wazimu wa kwenda kuchomeka bendera ya Uingereza kwenye Ncha ya Kaskazini, wameshafika pabaya na barafu imewabana. Mbele ya safari mabaharia wanaasi, meli wanaichoma moto, na Hatteras anabaki na watu wa kuhesabu kwenye vidole vya mkono mmoja, daktari Clawbonny akiwa mmoja wao, na Mmarekani mmoja, Altamont, waliyemfukua kwenye theluji akiwa anakaribia kufa.

Hii riwaya ilianza kutoka tarehe 20 Machi 1864, kwenye toleo la kwanza kabisa la jarida la watoto na familia la Hetzel, mchapishaji wa Verne kule Paris, na ilipokuwa kitabu mwaka 1866 ndiyo ikabeba kwa mara ya kwanza lile jina la mfululizo mzima wa safari za ajabu ambalo Verne amefungwa nalo mpaka leo. Waliochora ni wawili, Édouard Riou na Henri de Montaut. Picha ni zaidi ya 200. Mia mbili na ushee, kwenye kitabu kimoja! Hapo hakuna cha kuniambia picha zilikuwa mapambo.

Fikiria na wewe. Mwaka 1866 hakuna binadamu aliyekuwa amefika Ncha ya Kaskazini, hata hawa wanaobishaniwa mpaka leo, Peary na Henson na wale Wainuit wanne, wenyeji wa huko kaskazini, waliokwenda nao, ni 1909 hiyo. Kamera za wakati ule ni dude la kubeba na mapipa ya dawa. Kwa hiyo msomaji wa Paris, sembuse msomaji wa Boston aliyekuja kupata tafsiri miaka kadhaa baadaye, hakuwa na mahali pengine pa kuiona ile dunia isipokuwa kwa Riou, ambaye alikuwa anachorea pia jarida kubwa la wasafiri pale Paris na alishazoea kuchukua michoro na maelezo ya wapelelezi na kuyageuza kitu chenye kusimama. Sasa kama msomaji wa Boston anayeshuhudia theluji kila mwaka alihitaji picha, mimi niliyekulia Tanga je? Barafu niliyoijua ni ile ya kwenye kimfuko cha plastiki, ya ubuyu au ukwaju, unang'ata kona unanyonya. Ukiniandikia kwamba meli imebanwa na barafu naelewa maneno. Kuona sioni.

Lakini hilo la kuona wala silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni hili: kwenye tafsiri za zamani, picha ndiyo sehemu iliyosafiri bila kuguswa. Maandishi yalipita mikononi mwa watu wa kila aina. Chukua kitabu kingine cha Verne, kile cha safari ya kwenda kitovu cha dunia, toleo la London la 1871: profesa Lidenbrock akafanywa Hardwigg, kijana Axel akageuzwa Harry, na mtafsiri akaona haitoshi akaongezea vituko vyake mwenyewe humo. Kile cha Nemo alikitafsiri bwana mmoja anaitwa Lewis Mercier, karibu sehemu moja kwa tano ya kitabu akaitupa, na watu wa Uingereza na Marekani wakasoma hivyohivyo kwa miaka na miaka wakidhani Verne ndivyo anavyoandika, wakamdharau kwamba ni mwandishi wa watoto wasio na subira. Hatteras naye alipofika London kwa mchapishaji Routledge akauzwa kwa vitabu viwili vyenye majina tofauti, ukikiokota kimoja kwenye meza ya vitabu chakavu unaweza kudhani hadithi ndiyo imeishia hapo. Kule Boston akatolewa na mchapishaji Osgood. Na mtafsiri? Jina hakuna. Mtu kakaa na kurasa mamia za kamba, matanga na vipimo vya baridi, akahangaika nazo, halafu ukurasa wa mbele unasema imetafsiriwa kutoka Kifaransa, basi. Na nani? Na upepo.

Picha zenyewe hazikuwa na shida hiyo. Hetzel alikuwa mfanyabiashara, mchoro ukishachongwa kwenye mti walikuwa wanautolea nakala ya chuma, mti wenyewe unapumzika kabatini, na zile nakala anawauzia wachapishaji wa nje. Ndiyo maana ukichukua toleo la Kifaransa na la Kiingereza ukayaweka pamoja mezani, mistari ni ileile, mkono ni uleule, kilichobadilika ni maneno ya chini ya picha tu. Mtafsiri anaweza kuruka aya kwa sababu amechoka au haelewi au tajiri wake anataka kitabu chembamba. Lile bamba la chuma huwezi kuliruka mstari. Msomaji wa Boston akifika kwenye picha, pale anakutana na kitu kilekile alichokiona msomaji wa Paris, hajadanganywa. Halafu leo mtu na laptopu yake anakuja anachukua tafsiri isiyo na jina la mtafsiri, anabaki na ile sehemu iliyopita mikono mingi, ile safi anaitupa. Akili gani hiyo?

Ngoja niwaambie na hii kazi yenyewe ilivyokuwa, maana watu wanadhani ilikuwa penseli tu. Mchoraji anachora juu ya kipande cha mti mgumu sana, ule unaokatwa mkingamo ili nyuzi za mti zisimame wima, halafu mchongaji anakaa na vipatasi vyembamba anachimba. Anachokichimba kinabaki cheupe kwenye karatasi. Anachokiacha ndicho kinachopata wino. Miti yenyewe ni midogo, kwa hiyo picha kubwa inabidi waunganishe vipande. Sasa piga hesabu ya picha ya theluji. Nyeupe tupu! Yaani karibu mti wote inabidi uondoke, halafu katikati ya huo weupe unataka brigi yenye milingoti miwili na kamba zake zote. Kila kamba unayoiona pale ni kiukuta chembamba cha mti ambacho mtu alikiacha kisimame huku anachimba kulia na kushoto kwake, na mkono ukiteleza mara moja kamba imekatika, hakuna kufuta. Ukikuza picha za enzi hizo, kwenye kona za chini mara nyingi unakuta sahihi mbili, moja ya mchoraji na nyingine ya mchongaji, ndogo za kuonea huruma. Hao wachongaji hakuna anayewataja hata kwa bahati mbaya.

Nilijaribu kumwonyesha mpwa wangu, yuko darasa la sita, ndiye nilikuwa nimemnunulia hicho kitabu. Alifika kwenye mabano akaniuliza, "Mjomba, hapa natakiwa nichore mwenyewe?" Swali zuri kuliko kitabu. Basi nikatafuta picha ya ile meli iliyobanwa na barafu, nikaipeleka steshenari ya jirani waitoe kwenye A4. Printa yao wino ulikuwa unaelekea kuisha, theluji ikatoka na mistari ya kijivu ya kulala, milingoti nusu ipo nusu haipo. Dogo akaiangalia akasema meli imekwama jangwani. Na ukiitazama, kweli, ni jangwa! Tukacheka, lakini ilibidi nirudi kuitoa tena ofisini kwa mtu, na ya pili ilipotoka safi hakusema kitu, akaanza kuhesabu watu waliosimama kwenye barafu, wadogo wale, kisha akauliza hao wanalala wapi. Akauliza mwenyewe! Sura nzima ya maelezo haikumtoa swali, picha moja imemtoa.

Na kitabu hiki ndicho cha kumpa mtoto kwa sababu kina zile akili za Clawbonny. Kuna mahali wako hoi, baridi ya kuua, baharia Johnson kapoteza chuma cha kuwashia moto, nyama wanayo na moto hawana. Jua lipo, lakini lenzi ya darubini haipo. Clawbonny anafanyaje? Anachukua barafu ya maji baridi, siyo ya chumvi maana ile haipitishi mwanga vizuri, anaichonga kwa shoka, anailainisha kwa kisu, halafu anaing'arisha kwa joto la kiganja chake mpaka inakuwa lenzi safi. Anaielekeza kwenye jua. Moto! Na msidhani ni uongo wa riwaya, William Scoresby, nahodha wa wavua nyangumi, kwenye kitabu chake cha 1820 alieleza jinsi alivyotengeneza lenzi za barafu huko huko na kuwawashia mabaharia viko vyao. Kuna pengine tena wamebaki na baruti ya mpigo mmoja, risasi hawana, dubu anawawinda, Clawbonny anatazama kipimajoto anaona zebaki imeganda, maana ikishuka chini ya digrii 39 za hasi inakuwa chuma kigumu, anaivunja anatoa risasi ya zebaki. Hatteras anajivika ngozi ya sili anamsogelea dubu akiwa anatambaa. Haya niambie, mtoto gani wa darasa la sita utampa hiyo umwekee mabano?

Sawa, niwape haki yao kidogo, roho inauma lakini niwape. Kitabu chenye picha 200 ni kizito, faili lake linakula bando, kuchapa ni gharama, na tafsiri ya zamani iliyokwisha haki miliki ndiyo inayotufikisha kwenye hivi vitabu sisi tusio na hela ya toleo jipya la chuo kikuu. Mtu wa Sumbawanga akisoma maandishi matupu kwenye simu ya laki moja, simlaumu na sitamlaumu. Namlaumu anayeuza. Toa picha, sawa, lakini andika kwenye jalada kwamba umetoa.

Na siyo kwamba Riou ni malaika. Dubu wake wengine wana sura ya mtu anayedaiwa kodi.

Halafu kuna wale watakaoniambia hizo picha ni za kikoloni, kwa nini nazipigania. Hapa nataka tuongee vizuri, maana huyu Riou na mwenzie Montaut ndio haohao waliochora kile cha wiki tano kwenye puto, ambacho kinaanzia wapi? Zanzibar! Verne alikitoa 1863, daktari Fergusson na wenzake wanataka kurusha puto mjini, wenyeji wanakasirika eti hawa wanakwenda kulidhuru jua na mwezi, inabidi wahamie kisiwa cha Kumbeni ndiyo waruke. Sisi ndio wajinga wa kuogopa puto humo, waganga wanapiga kelele, wazungu wanapaa. Verne Zanzibar hakufika. Kwa hiyo najua vizuri kuchorwa na mtu anayekubuni. Na huko kaskazini mambo yalikuwa yaleyale. Mwaka 1854 daktari John Rae alileta habari kutoka kwa Wainuit za jinsi watu wa Franklin, yule nahodha Muingereza aliyepotelea huko na meli zake, walivyokufa, kwamba mwisho walikula maiti za wenzao, na mwandishi Charles Dickens mzima akaandika kuwatukana Wainuit kwamba ni waongo, washenzi wasioaminika. Wainuit walikuwa wanasema kweli. Mifupa yenye alama za visu ilikuja kupatikana, na Erebus, mojawapo ya meli za Franklin, ilipookotwa chini ya maji mwaka 2014 ilikuwa pande zilezile ambazo simulizi zao zilikuwa zinaonyesha siku zote. Verne anaipitisha Forward mpaka kisiwa cha Beechey kwenye makaburi ya watu wa Franklin, tunalia pamoja na Clawbonny, lakini mwenyeji anayejua njia kwenye riwaya hiyo utamtafuta sana.

Sasa hayo yote nimeyaonaje? Kwa kutazama picha! Kurasa kwa kurasa za wanaume wa Ulaya peke yao kwenye weupe, bendera, bunduki, mbwa. Ukiyasoma maandishi haraka huo upweke unakupita. Ukiutazama uliochorwa unaanza kujiuliza mbona hapa hakuna mtu mwingine. Ushahidi wa kosa lao uko kwenye picha, na wewe unayedai unanilinda na ukoloni kwa kuzifuta unamfutia mkosaji alama za vidole. Ukitaka kubadilisha, badilisha waziwazi, kama walivyofanya wale waliomtoa Alice, yule binti wa hadithi ya Kiingereza, kwa Kiswahili mwaka 1940, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, picha zikachorwa upya na Elisi akawa binti wa Kiafrika. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule, mimi mwenyewe nina maswali nao, ila ni uamuzi, mtu alikaa akafikiri akachora. Mabano ya mraba hakuna aliyefikiri.

Na kabla hamjaniambia kwamba maandishi ndiyo kitabu chenyewe, picha ni nyongeza: maandishi ya Hatteras yenyewe yalishakatwa kabla hata ya kutafsiriwa. Verne alikuwa ameandika pambano la Hatteras na Altamont, wanataka kuuana juu ya bamba la barafu kwa sababu ya ubishi wa nani mwenye nchi, Muingereza au Mmarekani. Hetzel akaliondoa. Verne alikuwa amemuua Hatteras, anaanguka ndani ya volkano iliyopo Nchani. Hetzel akakataa, ndiyo tukapata huu mwisho wa Altamont kumdaka, wanarudi, na Hatteras anaishia kichaa kwenye nyumba ya wagonjwa huko karibu na Liverpool akitembea na mbwa wake, siku zote upande mmoja, kaskazini. Mimi naupenda mwisho huu kuliko ule wa kufa, Hetzel alipatia. Lakini msiniambie habari ya maandishi matakatifu yasiyoguswa.

Na huku kwetu msicheke sana. Chukua kitabu chochote cha hadithi cha shule kilichoko kwenye begi la mtoto wako, fungua ukurasa wa pili, tafuta jina la mchoraji. Mwandishi yupo, mhariri pengine yupo, mchapaji yupo na sanduku la posta lake. Mchoraji ukimpata ni kwa herufi ambazo mzee wangu hawezi kuzisoma hata na miwani, na mara nyingine humpati kabisa, wakati mtoto alichokumbuka kwenye kitabu kizima ni yule sungura.

Basi wanaotaka Hatteras wa kusoma kweli: tafuta lile toleo la Osgood la Boston, au la Routledge la London kama unavumilia vitabu viwili, lakini chukua lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, siyo lililochapwa maneno upya. Kiingereza chake kimezeeka, utakutana na sentensi zimevimba, vumilia. Mwenye hela na anayetaka maneno yaliyotafsiriwa kwa uangalifu kuna ya William Butcher ya 2005, na humo ndipo utasoma pia habari za vile vipande Hetzel alivyovikata. Mwenye Kifaransa, bahati yako. Faili lenye picha ni kubwa, msilishushe kwa bando lenu, subirini wifi ya kazini.